Bado Hakijatoka

Wiki iliyopita michoro yangu 12 ya kitabu cha watoto ilikubaliwa yote, bila hata mmoja kurudishwa. Nasema kwa fahari, kwa sababu mwaka mzima kabla ya hapo kazi zangu zilikuwa zikirudi. "Ni safi, lakini haina uhai," mhariri mmoja aliniandikia. Maneno hayo yalinikaa kifuani miezi mingi, na sitasema kwamba yameshatoka.

Nyinyi mnaochora na kutunga mnaijua hali hiyo. Unakaa mezani, karatasi iko mbele yako, na kabla hujagusa penseli unajiambia: hili limeshafanywa, lile la kitoto. Nilifika mahali pa kufuta mistari ambayo hata sijaichora.

Aliyenitoa huko ni binti yangu wa miaka minne. Jioni moja alipanda kiti cha pembeni yangu, akaokota karatasi niliyoifinyanga nikaitupa, akainyoosha kwa kiganja.

"Unachora nini, mama?" nikamuuliza.

"Sijui. Bado hakijatoka."

Kikaanza kutoka. Ulikuja mviringo, ukawa nyumba kwa kuwa yeye alisema ni nyumba. Ukuta haukumzuia kuniona: nilikuwa ndani, nimekaa, mkono wangu wa kulia mkubwa kuliko mwili wote, una vidole saba. Mbona mkubwa hivyo? "Si ndio unafanya kazi!" Kalamu ilipoteleza ikatoboa karatasi, hakulia wala kuomba nyingine. Alichungulia kwenye tundu, akasema paka amepita hapo.

Mfaransa Georges-Henri Luquet, aliyechunguza michoro ya watoto, aliandika mwaka 1927 kwamba mtoto huchora anachokijua kuliko kile macho yake yanachokiona. Ndiyo maana kuta zake huonekana hadi ndani. Mimi nilipokuwa shule ya msingi nilichora mbwa mkubwa kuliko nyumba, mwalimu akauinua mchoro darasa zima wacheke. Kicheko kile nakisikia hadi leo. Mbwa yule ndiye aliyekuwa akinitia hofu kila asubuhi. Alistahili ukubwa wake.

Wanasaikolojia nao wana jambo la kutuambia. Karl Duncker aliwapa watu wazima mshumaa, kiberiti na kisanduku cha pini, akawataka waushikize mshumaa ukutani. Wengi walikwama, kwa sababu kisanduku kikishajaa pini hukioni tena kama kitu cha kusimamishia mshumaa. Mwaka 2000, Tim German na Margaret Defeyter walichapisha utafiti wa aina hiyo kwa watoto: wa miaka mitano hawakuzuiwa na kazi ya kawaida ya kisanduku, ila wa miaka sita na saba walizuiwa. Mwaka mmoja au miwili tu, ndugu zangu!

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: anza kabla hujajua. Mimi sasa kila asubuhi nachora robo saa bila kifutio mezani, na bila kuamua nachora nini. Ukikosea usifute, liulize kosa hilo ni nini. Na uanze kabla hujajua. Narudia kwa sababu najua utasubiri wazo likamilike kwanza, nami nilisubiri hivyo nikapoteza mwaka. Hakuna aliyekunyang'anya ubunifu wako. Umeuwekea mlinzi mlangoni, na mlinzi huyo unamlisha mwenyewe kila siku. Mfukuze! Na mtoto akikuletea mchoro, tafadhali usimsahihishe rangi. Mwombe akusimulie.

Nikiwa kwenye mchoro wa saba wa kitabu hiki, wino ulinidondokea katikati ya ua wa nyumba. Zamani ningechana karatasi. Safari hii niliweka kalamu chini, nikalitazama lile doa hadi likawa kisima, nikamchorea msichana wa hadithi ndoo mkononi. Mhariri alinipigia simu kuuliza kisima nimekitoa wapi, maana kwenye hadithi hakimo. Wamekiongeza.