Mkazo wa jina la heroe

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Ninajifunza kuongoza watalii. Heroe mkubwa, Phoenicopterus roseus, mimi hukaza "te", mwenzangu hukaza "kop". Nani yuko sahihi?
Msomaji, Arusha

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mfuate mwenzako: fe-ni-KOP-te-rus. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, ndiyo maana ulimi wako unakimbilia "te". Majina ya kisayansi, hata yenye asili ya Kigiriki, hufuata kanuni ya Kilatini: silabi hiyo hukazwa ikiwa nzito tu, yaani ina irabu ndefu au imefungwa na konsonanti. Ikiwa nyepesi, mkazo hurudi nyuma hatua moja. Neno la Kigiriki "pteron" lina e fupi, basi "te" haiwezi kubeba mkazo. Roseus vilevile: RO-se-us.

Sasa mtazame mbuni, Struthio camelus. "Kamelos" ya Kigiriki ina e ndefu, kwa hiyo ni ka-ME-lus, kama tulivyozoea. Lakini STRU-thi-o ina silabi tatu. Tafadhali usiimeze ile i, wengi huimeza. Na "th" tunayo tayari, ile ya thelathini. Wageni wakitamka irabu kwa namna ya kwao, wewe usiyumbe.