Mstari wa kipimo kwenye picha za hadubini

Mdogo wangu wa Kigoma, nimekuelewa: unapiga picha za planktoni (viumbe vidogo sana vinavyoelea majini) wa Ziwa Tanganyika kwa simu juu ya hadubini, na msimamizi wako anataka kila picha iwe na mstari wa kipimo, yaani mstari mfupi unaoonyesha urefu halisi wa vitu pichani. Usiandike tu "mara 400". Picha ikikuzwa kwenye skrini, namba hiyo haina maana tena.

Azima slaidi ya kupimia, yaani kioo chenye alama kama za rula ndogo sana. Ya kawaida ina milimita 1 iliyogawanywa vipande 100, kila kimoja maikromita 10. Ipige picha kwa lenzi ileile na simu ileile, bila kugusa zumu. Kwenye zumu ndipo nilipoharibikiwa mimi hapa Tabora: nilivuta kidogo tu nione vizuri, nikarudia picha za wiki nzima.

Fungua picha hiyo kwenye ImageJ, programu ya kompyuta ya kupimia picha, ni ya bure. Pima vipande vingi kwa pamoja, kutoka ukingo wa kushoto wa alama moja hadi ukingo wa kushoto wa nyingine, maana alama zenyewe zina unene. Vipande 20 vikichukua pikseli 1,600, kila maikromita ni pikseli 8. Mstari wa maikromita 50 utakuwa pikseli 400. Kila lenzi ina hesabu yake.

Hamisha picha kwa waya, kwani WhatsApp hupunguza pikseli na hesabu yako inavurugika. Na kama vipimo vinaingia kwenye ripoti, mwombe fundi sanifu wa maabara avihakiki kwanza.