Mshale, nukta na ng'ombe: maswali yenu kuhusu mtindo wa kuandika R, lugha ya kompyuta ya takwimu

Ndugu mhariri, mwalimu wetu wa takwimu anakata alama tukiandika `umri = 30` badala ya `umri <- 30`. Nimejaribu zote mbili na jibu ni lilelile. Huu si ushabiki tu?

Kwenye mstari unaojitegemea, ni ushabiki. R ilirithi mshale (`<-`) kutoka lugha ya S iliyobuniwa Bell Labs, Marekani, katika miaka ya 1970, na `=` iliruhusiwa kufanya kazi hiyo tangu toleo la 1.4.0 la mwaka 2001.

Mambo hubadilika ukiingia ndani ya mabano ya fanksheni (amri yenye jina, kama `median`). Hapo `=` hutaja agumenti (kile unachoipa fanksheni ikifanyie kazi), ilhali mshale huunda kigeu (jina linalohifadhi thamani). `median(x = alama)` hukokotoa na kuishia hapo. `median(x <- alama)` hutoa jibu hilohilo, lakini pia huacha `x` mpya kwenye kumbukumbu. Kama ulikuwa na `x` nyingine, imefutika bila onyo. Mbaya zaidi ni `data.frame(umri <- c(20, 31))`: haikatai, ila safuwima yako itaitwa `umri....c.20..31.` na ndani ya jedwali hakutakuwa na safuwima iitwayo `umri` tu. Kwa hiyo mshale wa kuunda vigeu na `=` ya agumenti hukuwezesha kutambua kwa jicho kipi ni kipi. Mwalimu wako ana hoja.

Mshale nao una mtego wake. Ukitaka kuuliza kama joto liko chini ya hasi tano ukaandika `if (joto<-5)`, R haioni swali lolote. Inaona mshale, inaifanya `joto` kuwa 5, na kwa kuwa 5 si sifuri, sharti linapita kila mara. Andika `joto < -5`. Sheria ya kuweka nafasi kila upande wa alama huonekana ya urembo, lakini hapa ndiyo inayoamua maana. Katika RStudio (programu ya kuandikia R), Alt na alama ya kutoa (Option kwenye Mac) huandika mshale pamoja na nafasi zake.

Majina ya vigeu yaandikweje? Nimekuta `wastani.umri`, `wastani_umri` na `wastaniUmri` ndani ya skripti moja.

Kosa ni kuyachanganya. Mwongozo wa tidyverse (familia ya pakeji, yaani nyongeza, za R) unataka herufi ndogo na kistari cha chini. Bioconductor, mradi wa pakeji za biolojia, hupendelea `wastaniUmri`. Google huanza majina ya fanksheni kwa herufi kubwa. Mradi ukiwa na mwongozo wake, ufuate hata kama hauupendi.

Ukianza mradi mpya, chagua kistari cha chini na uepuke nukta. Nukta ilienea kwa sababu za kihistoria: zamani `_` yenyewe ilikuwa alama ya kukipa kigeu thamani, ikaondolewa katika R 1.8.0 mwaka 2003, na ikakubaliwa ndani ya majina kuanzia 1.9.0 mwaka 2004. Lakini nukta ina kazi nyingine. Ukiwa na data ya klasi (aina) iitwayo `mauzo`, kisha ukaandika `summary(data_yangu)`, R hutafuta fanksheni iitwayo `summary.mauzo`. Ukiwa umeunda yenye jina hilo kwa shughuli nyingine kabisa, ndiyo itakayoitwa. R yenyewe ina jina la kupotosha la aina hii: `t.test` ni kipimo cha takwimu, si toleo la `t()`, ambayo kazi yake ni kugeuza safumlalo kuwa safuwima.

Fanksheni ipe kitenzi (`safisha_tarehe`), data ipe nomino (`tarehe_safi`). R hutofautisha herufi kubwa na ndogo, basi `Umri` na `umri` ni vitu viwili.

Kiswahili kinafaa sana kwa majina haya kwa kuwa hakina herufi zenye alama za juu. Isipokuwa ng'ombe. Ile alama ya juu huanzisha maandishi yaliyonukuliwa, hivyo `ng'ombe <- 12` ni kosa la kisarufi mbele ya R; andika `ngombe`. Ndani ya data hatari ni kubwa zaidi. `read.table` huchukulia `'` kuwa alama ya kunukuu, kwa hiyo neno “ng'ombe” kwenye faili linaweza kumeza safumlalo zote zinazofuata hadi ikutane na alama nyingine kama hiyo. Weka `quote = "\""`, au tumia `read.csv`, ambayo tayari imewekwa hivyo. Baada ya kusoma faili, linganisha `nrow()` na idadi ya mistari unayoitarajia.

Nina mstari mrefu wa kujumlisha. Niliukata ili usizidi herufi 80, na jumla ikapungua. R ina hitilafu?

Haina. Bila shaka uliandika hivi:

```
jumla <- chakula + nauli
  + kodi
```

R husoma mstari wa kwanza, inaukuta umekamilika, inautekeleza. Mstari wa pili unakuwa `+kodi`, yaani kodi chanya, nao ni halali. Hakuna kosa linaloripotiwa. Kata *baada* ya alama:

```
jumla <- chakula + nauli +
  kodi
```

Alama iliyobaki mwishoni huiambia R kwamba sentensi inaendelea. Bomba `|>` (hupeleka jibu la hatua moja kwenye inayofuata; liliingia na R 4.1.0 mwaka 2021) na `+` ya ggplot2, pakeji ya kuchora grafu, hufuata kanuni hiyohiyo, ila hizo zikianza mstari angalau utapata ujumbe wa kosa. `else` nayo iwe mstari mmoja na `}` inayoitangulia, la sivyo nje ya fanksheni R huona `if` imekwisha na kuikataa `else`.

Kikomo cha herufi 80 chenyewe si msahafu. Miradi mingi huruhusu 100.

`TRUE` au `T`?

`TRUE`, daima. `T` na `F` ni vigeu vya kawaida, hivyo vinaweza kupewa thamani nyingine. Mtu wa takwimu hufikia hapo haraka: anahifadhi kipimo cha F kwa `F <- 3.2`, kisha mistari 40 baadaye anaandika `sum(mapato, na.rm = F)`. Kwa R, 3.2 ni sawa na kweli, basi thamani zilizokosekana zinaondolewa kimyakimya, kinyume cha alichotaka.

Nimekabidhiwa skripti ya zamani ya mistari 2,000, imeandikwa ovyo. Niisafishe vipi bila kuiharibu?

Usiisafishe kwa mkono. Kwanza hifadhi ilivyo katika Git (programu ya kutunza matoleo ya faili), na uendeshe skripti nzima ukiweka matokeo muhimu pembeni kwa `saveRDS(matokeo, "kabla.rds")`. Ikiwa inatumia namba nasibu, weka `set.seed()` kabla, vinginevyo hutakuwa na cha kulinganisha.

Kisha sakinisha styler, pakeji inayopanga upya mtindo wa msimbo, na uanze na nafasi pekee: `styler::style_file("skripti.R", scope = "spaces")`. Ukiridhika, endelea na `scope = "line_breaks"`. Mpaka hapo styler huhakiki yenyewe kwamba msimbo mpya una maana ileile. Ngazi ya mwisho, `"tokens"`, hubadilisha hata `=` kuwa mshale, na uhakiki huo haufanyiki tena, kwa hiyo ifanye peke yake. Endesha skripti upya, halafu `all.equal(readRDS("kabla.rds"), matokeo)`.

Styler haigusi majina wala mantiki. Hapo ndipo pakeji ya lintr inapoingia: `lintr::lint("skripti.R")` haibadilishi kitu, huorodhesha tu. Kwa skripti ya namna hiyo itatoa mamia ya onyo, na mengi ni ya urefu wa mistari. Yaruke hayo. Anza na `T` na `F`, kisha `1:length(x)`: `x` ikiwa tupu, hiyo hutoa 1 na 0, na lupu itazunguka mara mbili juu ya kitu kisichokuwepo. Weka `seq_along(x)`.

Majina yaache mwisho. Katika RStudio weka kishale juu ya jina, bonyeza Ctrl+Shift+Alt+M, na jina litabadilika kila linapotumika katika eneo lile. Kila hatua ihifadhi Git peke yake, na usichanganye usafi wa mtindo na marekebisho ya hesabu katika hifadhi moja. Atakayetafuta lini jibu lilibadilika hataweza kulipata katikati ya nafasi 1,500 zilizosogezwa.