Jibu: Kamongo ni samaki au nyoka?

Ndugu, umeuliza kama kamongo ni nyoka, maana nyumbani kwenu wanakataa kumla. Si nyoka. Ana matamvua, na magamba yake madogo yamezama ndani ya ngozi. Nenda Dunga, ufuo wa wavuvi wa Ziwa Victoria kule Kisumu, asubuhi boti zikirudi, umtazame mwenyewe: ana mapezi manne membamba kama kamba, mawili mbele na mawili nyuma, palepale ng'ombe alipo na miguu.

Hapo ndipo penye utamu. Kamongo ana mapafu. Ukimzuia asipande juu kuvuta hewa, atakufa majini. Sokoni tunaita "samaki" chochote chenye mapezi kinachotoka ziwani, lakini wanabiolojia hupanga viumbe kwa nasaba: nani na nani wana babu mmoja wa karibu zaidi. Kwa hesabu hiyo, kamongo ana udugu wa karibu zaidi na ng'ombe, na wewe pia, kuliko na mbuta (sangara) anayeuzwa kando yake. Kila nikilifikiria nashangaa upya.

Hata majina ya sokoni hayafuati nasaba: omena wetu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, ni wa kundi moja na ningu, samaki mwingine wa ziwa hilo, ilhali dagaa wa Ziwa Tanganyika ni jamaa za sadini, ingawa Watanzania huwaita wote dagaa.