Bahari Inapanda, au Mchanga Ndio Unaondoka?

SWALI: Shikamooni wahariri. Kijiweni kwetu ubishi hauishi. Vijana wanasema bahari inakula ufuo kwa sababu ya mabadiliko ya tabianchi, na ushahidi wao ni Maziwe: kisiwa kilichokuwa na miti, leo ni fungu la mchanga linalozama maji ya bamvua yakijaa. Wazee wanajibu kwamba bahari huja na kuondoka tangu enzi za mababu. Nani mkweli?
Msomaji, Pangani

JIBU: Marahaba. Vijana wana hoja nzuri na ushahidi dhaifu. Kuhusu Maziwe, ukataji wa miti iliyoushikilia mchanga hutajwa miongoni mwa sababu. Ufuo huliwa kwa mengi: mikoko ikikatwa, mchanga ukichimbwa, au bwawa likizuia mashapo ambayo mto ungeyafikisha baharini, na Mto Pangani una mabwawa, Nyumba ya Mungu likiwemo. Mzee anayekataa kwamba ufuo uliomeguka peke yake unathibitisha tabianchi kubadilika, hapo hakosei.

Anapokosea ni kudhani jicho lingeona. Pwani ya Tanga, wakati wa bamvua, maji kujaa na kupwa hupishana zaidi ya mita 3. Usawa wa bahari duniani, kati ya 2006 na 2018, ulipanda kama milimita 3.7 kwa mwaka, karibu nusu ya unene wa penseli. Hata nahodha mzoefu hawezi kuliona hilo. Tangu 1901 hadi 2018 jumla ni sentimita 20 hivi. Ila kwenye ufuo uliolala, unaopanda mita 1 kwa kila mita 50, sentimita hizo ni mita 10 za kuingia bara, kabla ya kuhesabu mmomonyoko.

Mkitaka kupima wenyewe, tafuteni ukuta wa gati uliojengwa juu ya mwamba. Nguzo iliyochomekwa mchangani haifai, huzama polepole nanyi mtadhani bahari ndiyo imepanda. Fungeni bomba la plastiki la upana wa sentimita 5, lililozibwa chini na kutobolewa tundu la milimita 5: mawimbi hubaki nje, maji ndani hutulia. Pimeni kutoka alama ya juu hadi kwenye maji yakijaa, andikeni saa, kisha linganisheni na jedwali la maji kujaa na kupwa. Safisheni tundu kila wiki, maana viumbe vya baharini huliziba. Siku za kusi kali andikeni pembeni, kwa sababu upepo husukuma maji. Tena msitangaze matokeo baada ya mwaka mmoja: njia ya mwezi ina mzunguko wa miaka 18.6 unaobadilisha ukubwa wa bamvua. Vipimo vya miaka 19 ndivyo vinavyoanza kuaminika.

Na kwamba joto la dunia linalopandisha bahari linatokana na binadamu? Ushahidi wake hauko ufukoni. John Tyndall alipima maabara mwaka 1859 jinsi hewa ya ukaa inavyonasa joto. Kule Mauna Loa, Hawaii, hewa hiyo ilikuwa sehemu 315 hivi kwa milioni mwaka 1958. Sasa imepita 420. Kaboni ya makaa ya mawe na mafuta imekaa ardhini hadi kaboni-14 yake, aina ya kaboni inayopungua yenyewe kadiri miaka inavyopita, imeisha, na mwaka 1955 Hans Suess aliukuta upungufu huo ndani ya mbao za miti. Kama jua ndilo lingekuwa chanzo, tabaka la juu la angahewa nalo lingepata joto. Limepoa.

SWALI: Mbona volkano hamzitaji?
Msomaji, Ngamiani, Tanga

JIBU: Kwa sababu zote kwa pamoja, Ol Doinyo Lengai ikiwemo, hutoa chini ya asilimia 1 ya hewa ya ukaa inayotolewa na binadamu kwa mwaka. Mlipuko mkubwa hata hupoza dunia: Pinatubo ya Ufilipino, mwaka 1991, ilishusha joto kwa karibu nusu nyuzi, kwa mwaka mmoja au miwili tu.