Usinunue hiyo sabufa kwa ajili ya redio ya HF

Mkuu, hiyo sabufa usiinunue. Umesema unataka seti ya spika za kompyuta, yaani sabufa moja na spika mbili ndogo, uichomeke kwenye redio yako ya HF ya wati 100 (redio ya kurusha na kupokea mawasiliano ya mbali, kati ya 3 na 30 MHz), kwa sababu spika iliyomo ndani ya redio inatazama juu na sauti yake ni ya kuzibwa. Kisha ukauliza uiweke upande gani wa meza na maikrofoni ipi itaendana nayo. Mahali pa kuiweka ni dukani, palepale ilipo sasa.

Seti ya namna hiyo niliinunua Kariakoo kwa shilingi 180,000. Muuzaji, ambaye hadi leo nikimkumbuka damu inanichemka, alinigeuzia boksi na kunionyesha kwa kidole maandishi yanayosema kwamba spika hizo zina kinga. Nilimuuliza wazi kama kinga hiyo inazuia mawimbi ya redio, akanijibu kwamba inazuia kila kitu. Kumbe kinga inayotajwa kwenye maboksi hayo ni ya sumaku tu. Iliwekwa enzi za televisheni na kompyuta za kioo kinene, ambapo sumaku ya spika ikisogezwa karibu na kioo huvuruga rangi. Haihusiani kabisa na mawimbi ya redio, na kasha la spika lenyewe ni plastiki na mbao, vitu ambavyo wimbi la 7 MHz hupenya bila hata kupiga hodi. Niliuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia nikalibeba mwenyewe hadi kwenye daladala.

Nilipokuwa ninasikiliza tu, mambo yalikuwa matamu. Nilipobonyeza kitufe cha maikrofoni kwenye mita 40, yaani bendi ya 7 MHz, na kuanza kuita, sabufa ikaanza kubweka. Kila silabi niliyotamka ilirudi kutoka chini ya meza ikiwa nzito, imekatikakatika na haieleweki, huku taa ya bluu ya sabufa ikipepesa kufuata maneno yangu. Nikazungusha kitufe cha sauti hadi sifuri, ikaendelea. Nikaichomoa kabisa pini ya sauti kwenye redio, ikaendelea vilevile. Mke wangu alidhani ninabishana na mtu asiyetaka kuzungumza nami, na kwa kuwa hiyo ni hali ya kawaida katika masafa ya HF, sikumsahihisha.

Zingatia hilo la kitufe kuwa sifuri, kwa sababu ndilo linalokuonyesha ugonjwa uko wapi. Mawimbi hayakuwa yakipita kwenye pini ya sauti. Yalikuwa yakiingia moja kwa moja kwenye amplifaya iliyomo ndani ya sabufa, mbele zaidi ya kitufe cha sauti. Waya unaokwenda kwenye spika ya kulia, waya wa spika ya kushoto na waya wa umeme, vyote hivyo ni antena hata kama hakuna aliyekusudia viwe antena. Waya wa mita 2.5 ni robo ya urefu wa wimbi kwenye 28 MHz, na ukiunganika na nyaya za umeme zilizomo ukutani unapata antena ya kutosha kwa masafa ya chini pia. Nishati hiyo ikifika kwenye transista, maungio yake huipitisha upande mmoja zaidi ya mwingine na kuigeuza kuwa sauti, kazi ileile ambayo dayodi hufanya katika redio ya AM. Ungekuwa unarusha AM ungeyasikia maneno yako vizuri tu. SSB, namna ya kurusha sauti tunayoitumia kwenye HF, haina wimbi mbebaji (lile wimbi kuu linalobeba sauti), ndiyo maana kinachotoka ni mbweko badala ya maneno.

Laiti ningeishia hapo. Kuna bwana mmoja anayejiita mtaalamu wa sauti, na ninashuku kwamba redio ya kurushia ameiona kwenye picha, aliyenishauri nibane pete za feraiti, zile nyeusi za kuzuia mawimbi ya redio yasipite kwenye waya, kwenye kila waya. Nikanunua za mtaani, zisizo na namba wala jina, nikazibana hadi meza ikapendeza, na sabufa ikaendelea kubweka, kwa sauti ya chini kidogo. Bwana yule akaja na ushauri wa pili: niachane na sabufa, ninunue kibao cha amplifaya ya kidijitali cha volti 12 na spika za kawaida. Huo ndio uliokuwa msumari wa moto juu ya kidonda. Amplifaya za aina hiyo hufanya kazi kwa kuwasha na kuzima umeme mara laki kadhaa kwa sekunde, na mabaki ya kazi hiyo husambaa katika masafa yote ya HF. Kipimo cha nguvu ya mawimbi yanayopokelewa kwenye redio, kilichokuwa kikilala S3 (kelele ndogo), kikapanda hadi S7 na kubaki hapo. Sasa sikuwa nabwekewa tena ninaporusha, lakini wale niliotaka kuwasikia walikuwa wamefunikwa na mvumo. Adapta ya bei nafuu niliyoitumia nayo ilikuwa na yake: mivumo iliyopangika kwa nafasi sawa kutoka mwanzo wa bendi hadi mwisho.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na sitaki kuijadili: kati ya redio yako na sikio lako kisiwepo kitu chochote kinachokula umeme wake chenyewe. Spika ikiwa na taa, kitufe cha kuwashia, adapta, betri au Bluetooth, hiyo si ya mezani kwako. Redio nyingi za HF hutoa kama wati 2 hadi 2.5 kwenye tundu la spika ya nje, na kwa chumba cha kawaida hizo zinatosha kumwamsha jirani.

Tafuta spika tupu ya omu 8 iliyo ndani ya kasha la mbao. Mafundi wanaokarabati redio kubwa za muziki za zamani wanazo zimerundikana, na spika ya mlango wa gari, ambayo kwa kawaida ni ya omu 4, inafaa pia ikiwa kitabu cha redio yako kinaruhusu. Nenda na betri moja ya 1.5 V. Gusisha nyaya za spika kwenye betri mara moja. Ikitoa mlio mfupi na karatasi yake ikasogea, basi ni nzima na haina amplifaya ndani. Ukiwa na kipimo cha omu, spika ya omu 8 itasoma kama 6 au 7, na hilo si kosa. Usihangaike na besi wala na spika ndogo ya sauti nyembamba, kwa kuwa sauti ya SSB haizidi 3 kHz, na kilicho juu ya hapo ni kelele tupu. Kama spika imeandikwa dB (kipimo cha ukubwa wa sauti), chagua yenye namba kubwa: inayotoa 90 dB kwa wati moja inahitaji robo tu ya nguvu inayohitajiwa na ile ya 84 dB ili zisikike sawa.

Pete ya feraiti ina kazi yake hapa, ila iwe ya mchanganyiko namba 31 (aina ya feraiti inayofaa masafa ya HF), na waya wa spika uuzungushe ndani yake mara 7 hivi, karibu na redio. Mizunguko 7 hukupa kizuizi kinachokaribia mara 49 ya mzunguko mmoja katika masafa ya chini, na ndiyo sababu zile pete zangu za kubana mara moja hazikuleta mabadiliko ya maana. Ukifanya yote hayo na spika bado inanong'ona unaporusha, basi mawimbi yanarudi chumbani kupitia ganda la nje la waya unaotoka kwenye redio kwenda kwenye antena, hasa ikiwa antena yako ni ya waya inayoungwa kwenye ncha yake moja. Hapo acha kabisa kununua spika nyingine, panda darini na uanze kuangalia antena.