Utajuaje kama darubini inastahimili maji

Umeuliza utajuaje kama darubini ya macho mawili uliyonunua mtumba, bila kijitabu chake, inastahimili maji. Tafadhali usiitumbukize kwenye ndoo kuijaribu! Kama haijazibwa, maji yakishaingia kutoka ni shida, na baadaye kuvu huota juu ya lenzi.

Anza na maandishi yaliyo kwenye mwili wake. Alama za IPX huonyesha kiwango cha kinga dhidi ya maji: IPX4 ni kinga dhidi ya maji yanayorukia tu. IPX7 huvumilia kuzama mita 1 kwa dakika 30. Ukiona imeandikwa kuwa imejazwa naitrojeni au agoni, hiyo ni dalili nzuri sana, maana gesi hiyo haikai ndani bila mipira ya kuziba.

Hakuna maandishi? Zungusha gurudumu la kulenga huku ukitazama vile vioo vya kuchungulia. Vikitoka na kurudi vyote viwili kwa pamoja, mara nyingi hewa huvutwa ndani, na unyevu nao. Ya namna hiyo mimi ningeifunika mara tu matone ya kwanza ya mvua yanapoanguka. Mulika pia tochi kupitia lenzi kubwa: ukungu ndani yake maana yake unyevu umeshapenya.